Harage Moja, Gunia Moja la Mpunga

Mshauri wetu, shikamoo. Niokoe kabla ya Jumamosi, maana kichwa changu kimekuwa kama jaruba lililovurugwa na ng'ombe. Mimi ni mtu niliyetembea, nimekata miwa na watu wa kila mkoa, poka nilijifunzia huko, na hapa Michenga hakuna wa kunifundisha karata hata kama shule niliishia kidato cha pili. Basi Jumamosi iliyopita tulicheza kwa mzee Gaudensi, Lipangalala, tunawekeana maharage, harage moja ni gunia moja la mpunga, nami nimeshika wafalme wawili na wa tatu yuko mezani, nimeshaweka matano, mara rafiki yangu Wendelin anasukuma yake yote, nikitaka kumfuata niongeze kumi na moja, na stoo nina magunia kumi na sita tu, chakula na mbegu za mvua hizi, kwa hiyo nikikosea inabaki sakafu. Tatizo, mezani kuna kopa tatu. Akiwa na mbili mkononi zinakuwa tano, na kopa tano zinawala wafalme watatu, nimekwisha. Akiwa hana, ananitisha tu.

Bado nafikiri, ikaja habari kwamba jirani amefariki. Kamari ikasimama hapo hapo, huwezi kuendelea jirani amelala ndani. Mzee Gaudensi akatia karata zetu kwenye bahasha mbili, akafungia kabatini, akasema tutamalizia Jumamosi hii. Msibani ndiko nilikochanganyikiwa zaidi. Tumechimba kaburi pamoja, namwona Wendelin anatetemeka mikono, nikasema huyu anaogopa. Wakati wa kula akanimiminia maharage yake kwenye sahani yangu: "Kula, kaka, haya ndiyo ya mwisho." Nikamjibu, "Na wewe anza kuuaga mpunga wako." Watu wakacheka, yeye hakucheka. Sasa hizo ni kopa au ni woga? Na nikishinda je? Ana watoto sita, na harusi yangu alinichangia mbuzi. Mke wangu Digna hajui kitu, anashangaa tu mbona siku hizi nasali sana. Nimfuate au niache?

Fulgensi, Michenga
(Mshauri: Majina nimeyabadilisha. Mwenye barua aliyaandika yote kamili, na namba ya simu juu.)

Marahaba, Fulgensi. Wafalme watatu ni karata nzuri, sikatai, na kumhurumia mtu anayetaka kukufilisi kunaonyesha una moyo. Lakini acha kumpima Wendelin kwa mikono. Aliyeshika sururu asubuhi nzima lazima atetemeke. Kopa zake wewe huzijui, mimi sizijui, na kusubiri Jumamosi hakukuongezei karata.

Umekagua uso wa rafiki, stoo hukuikagua. Maharage yamekudanganya, baba. Kumi na sita yanaenea kiganjani, ndiyo maana mkono wako mwepesi.

Ijumaa asubuhi, Digna akiwa uani, ingia stoo. Beba gunia la kwanza begani mpaka barabarani. Rudi, beba la pili. Yatoke yote kumi na sita, ya mbegu yawe ya mwisho. Atakuuliza unayapeleka wapi. Mjibu ukweli, kwa sauti ile ile unayotumia kujisifia. Ukiweza kuimaliza sentensi hiyo mbele yake, nenda kamfuate Wendelin.

Ikikukwama kooni, jibu unalo. Rudisha kumi na moja ndani kabla mvua haijayakuta. Matano uliyokwisha kuweka yaache hapo hapo barabarani, Wendelin atakuja kuyachukua.