Majina Tuliyotaja Kabla ya Mvua

Kitale,
Jumapili baada ya ibada

Baba yangu mpendwa,

Mulembe. Natumai barua hii itakukuta umekaa nje hapo Myanga ukiota jua la asubuhi, na kile kifua kimekupa nafasi kidogo. Sisi huku ni wazima. Baba watoto alishikwa na homa akalala kitandani siku kadhaa, lakini sasa amerudi kazini, na wajukuu wako wanakula kama watu waliotoka kulima.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwa simu tunachoshana tu. Mimi napaza sauti mpaka majirani wanatoka nje, na wewe unajibu swali ambalo sikuuliza. Mara ya mwisho nilikuuliza kama ng'ombe amezaa, ukaniambia ati mchungaji amehamishwa. Basi soma hii polepole na miwani yako, na usimpe mtu akusomee. Kuna jambo ndani nataka ulipate wewe kwanza.

Unajua kwamba kila mwaka, kabla watu hawajaanza kupanda, makanisa manne ya huku upande wa mlima hukutana siku moja kwenye uwanja wa wazi. Hakuna kanisa lenye jengo la kututosha, na hata kama lingekuwepo, si rahisi mmoja akubali kuingia kwa mwenzake. Kwa hivyo tunakutana shambani. Watu wanaleta mbegu zao zibarikiwe, wanaoshana miguu, halafu wanakula pamoja. Mwaka huu walinichagua niwe katibu wa kamati ya kupanga. Sikuomba. Nadhani ni kwa sababu ya kazi yangu ya kupima maziwa. Kila asubuhi watu wa makanisa yote wanapita mbele yangu na mitungi yao, na wote nimewahi kuwarudishia maziwa yaliyoharibika, kwa hivyo hakuna anayeweza kusema napendelea.

Baba, kumbe kupanga maombi ni kazi kuliko kuomba. Tulianza mikutano kabla ya Krismasi. Kanisa moja lilitaka ngoma, lingine likasema ngoma ni za mila tulizoacha. Mchungaji mmoja alitaka vipaza sauti vya kusikika mpaka mjini. Tulikaa mchana mzima tukibishana kama wanaume na wanawake waoshane miguu pamoja au kando kando, na tulipokubaliana kando, tukaanza kubishana nani atachota maji. Mwenyekiti wetu, Pasta Khaemba, ni mpole sana. Anasikiliza kila mtu mpaka mtu mwenyewe anasahau alichokuwa anataka. Mweka hazina ni Mzee Barasa, yule niliyekuambia ndiye alitupokea mimi na baba watoto tulipohamia hapa. Ni mtu wa maneno machache. Akisema choo kitachimbwa hapa, kinachimbwa hapo.

Uwanja wenyewe ni wa Mama Chemtai, mjane Msabaoti. Alitoka upande wa Cheptais miaka ile ile ya machafuko ya ardhi tulipohama huko sisi pia, nikiwa ningali shule ya msingi. Sisi tulishuka Myanga, yeye akazunguka mlima akaja huku. Kila mwaka akishavuna anang'oa mabua mapema, anawafunga ng'ombe wake kwingine, anatoa hata kipande cha ua ili watu wapite, na kutuachia shamba. Hajawahi kuomba kitu. Mwaka jana tulimpelekea sukari ya kumshukuru, akatupikia chai na sukari hiyo hiyo.

Safari hii Pasta Khaemba alileta wazo jipya. Alisema kabla ya kubariki mbegu, kila familia isimame itaje jina la mtu wao aliyelala, na watu wote waitikie, "Bwana, umkumbuke." Alisema tunaomba mvua inyeshe juu ya ardhi yenye makaburi mengi, na makaburi hayo hatujawahi kuyazungumza. Wote tulikubali, wa ngoma na wasiotaka ngoma.

Mkutano uliofuata, Mama Chemtai alikuja. Kawaida yeye analeta chai na kurudi zake. Siku hiyo aliweka birika chini akabaki amesimama mlangoni, akauliza kama mtu asiye na kaburi anaweza kutajwa. Pasta akamwambia anaweza, akamuuliza ni nani.

"Ni Ndiwa," alisema. "Kifungua mimba wangu."

Hakuna aliyegusa kikombe. Jina hilo linajulikana huku. Wakati wa machafuko Ndiwa alikuwa kijana, na watu husema aliingia msituni na wale vijana wenye bunduki. Wengine husema alichukuliwa tu njiani akitoka sokoni, hakuonekana tena. Hakuna anayejua, lakini kila mtu ana hakika. Na Mzee Barasa alikuwa na mdogo wake, Situma, ambaye vijana wale walimuua nyumbani kwake, watoto wakiona.

Barasa hakupaza sauti. Alikunja kofia yake mikononi akasema, "Huyo akitajwa, mimi sitakaa uwanjani."

Mchungaji mmoja akasema haraka kwamba basi tuache majina kabisa, turudi kwa mbegu ambazo tumezoea. Wengine wakamuunga mkono. Unajua vile watu hufurahi wakionyeshwa mlango wa kutokea. Nilimtazama Mama Chemtai nikingoja atuambie tutafute shamba lingine. Angekuwa na haki, na bila shamba lake hatungekuwa na mkutano. Lakini aliinua birika lake.

"Mtajeni, msimtaje, shamba mtapata," alisema. "Sikuja kuliuza."

Akatoka. Tulifunga kikao bila kuamua lolote, na kila mtu alienda nyumbani akiwa amekasirika, ingawa sidhani kila mtu alijua amemkasirikia nani.

Siku ya kuchimba vyoo ilipofika, mimi na Mzee Barasa ndio tuliotumwa kwenda kupima mahali. Nilidhani hatakuja. Alikuja, na jembe lake begani. Mama Chemtai alikuwa anakusanya mabua, wakasalimiana kama watu wanaopitana njiani. Barasa akaanza kuchimba. Unajua ardhi ya kiangazi ilivyo, jembe linagonga na kurudi. Baadaye Mama alileta maji ya kunywa. Barasa alikunywa, akarudisha kikombe, halafu akauliza huku anaangalia shimo, "Kwa nini unasema hana kaburi?"

Mama Chemtai akamweleza. Alienda kwenye kambi za wakimbizi, vituo vya polisi, vyumba vya maiti, mpaka pembeni mwa msitu, akionyesha watu picha. Mmoja alimwambia kijana alionekana Uganda, mwingine akamwambia kuna shimo mahali, lakini shimo lenyewe hakuna aliyekubali kumwonyesha. Hajawahi kuita watu wakae matanga, wala hajanyoa nywele kama mfiwa.

"Nikimlilia, ni kama nimemzika akiwa hai," alisema. "Nisipomlilia, ni kama sikumzaa."

Barasa alisimama na jembe lake. Mimi nilikuwa nimeshika kamba ya kupimia, sikujua niangalie wapi.

"Mimi nilidhani unajua alipo," akamwambia. "Miaka yote hii, nilidhani unajua na unamficha."

"Ningejua," Mama Chemtai akajibu, "hata mimi nina maswali ya kumuuliza."

Barasa alichimba mpaka shimo likamfika kiunoni, zaidi ya tulivyopanga. Tukiwa njiani kurudi, akaniambia kwamba Situma ana kaburi, ameliwekea saruji, na watoto wake wanajua pa kwenda. Tulipofika kwake akasimama langoni akasema niandike jina la yule kijana kwa orodha ya siku hiyo, lakini nisimuulize kama yeye atakuwepo. Nilimpelekea Pasta habari hiyo jioni ile ile, na kamati ikaacha majina yabaki.

Siku yenyewe watu walianza kufika asubuhi mapema, kila kanisa likija kwa miguu na nyimbo zake. Lori moja lilitoka Cheptais, na hilo halijawahi kutokea. Mbegu zililetwa kwa vikapu, kwa vibuyu, kwa mifuko ya unga. Mama mmoja alileta maharagwe amefunga kwenye kona ya leso. Mzee Barasa alikuwepo. Alikaa karibu na ua, mahali mtu anaweza kuondoka bila kuruka wenzake.

Majina yalipoanza, Baba, sikuwa nimejiandaa. Watu walitaja mama zao, watoto waliofariki siku waliyozaliwa, mume aliyebebwa na mto. Kila jina lilijibiwa, "Bwana, umkumbuke," na ule uwanja wote ukawa na sauti moja. Halafu Mama Chemtai akasimama. Alikuwa ametoa kitambaa kichwani, na nikaona nywele zake zimenyolewa. Akasema, "Ndiwa, mtoto wangu."

Jibu lilikuja vipande vipande. Pasta aliitikia, mimi nikaitikia, wengine wa huku na kule, na wengi wakatazama chini. Niligeuka kumwangalia Barasa. Mdomo wake ulikuwa umefungwa, kofia iko magotini. Hakuitikia. Lakini alikuwa amesema hatakaa, na alikaa.

Ilipofika zamu ya familia yake, alisimama akasema neno moja tu, "Situma." Na kabla Pasta hajafungua mdomo, Mama Chemtai alikuwa ameshaitikia, peke yake, kwa sauti kubwa. Ndipo uwanja ukamfuata.

Usifikiri walikumbatiana. Walioshwa miguu kila mmoja upande wake na wakala sehemu tofauti. Lakini kesho yake nikienda kazini nilimpita Barasa akirudishia Mama Chemtai ua wake, na Mama amekaa kwenye ngazi ya nyumba akichambua maharagwe. Sijui kama watawahi kuwa marafiki. Nimekueleza nilichokiona.

Sasa nifike kwa lile lililonifanya nishike kalamu. Mimi pia nilisimama. Sikuwa nimekuuliza, kwa sababu nyumbani kwetu mambo ya Cheptais huwa hatuyagusi, na nimeheshimu hilo tangu utoto. Lakini watu walikuwa wanataja wao, na nikaona haya kuketi kama mtu ambaye hakutoka mahali. Nikamtaja babu. Nilisema, "Wanyonyi wa Cheptais, baba ya baba yangu." Uwanja ukamwitikia vizuri.

Baada ya chakula, mzee mmoja kutoka kwa lile lori alinijia na fimbo yake. Akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nilipokutaja, alinishika mkono na hakuuachia. Anaitwa Mzee Kiboi. Anasema shamba lake lilipakana na letu kwenye kijito, na kwamba wewe ndiye ulimfundisha kuendesha baiskeli na akaangukia mahindi ya watu. Je, ni kweli? Nilimpakulia tena ugali na nyama ili akae nami. Alipomaliza kula akanipa maneno haya, na nimeyashika yalivyo:

"Mwambie baba yako kaburi la mzee halijalimwa. Wanaolima pale sasa walitaka kupitisha plau, nikalizungushia mawe, nikawaambia huyu ana mwenyewe. Napalilia kila mwaka. Lakini mimi nimezeeka."

Nilimsindikiza mpaka kwenye lori, Baba.

Sikulazimishi. Nitakuja Myanga wakati wa Pasaka na watoto. Ukitaka tukae tu nyumbani, tutakaa, nitakupikia ile mboga ya mrenda na hatutaizungumza Cheptais tena. Ukitaka twende, tutaenda wawili, tutoke asubuhi. Mzee Kiboi anasema yeye yuko kila siku ila siku ya soko.

Nisalimie shangazi Nafula anayekupikia, mwambie kitambaa alichoagiza nimekipata, cha rangi aliyotaka. Msalimie kaka Wafula huko Matulo, na umkumbushe kwamba hata mwalimu kama yeye ana mikono ya kuandika barua. Msalimie na yule kijana anayekukamulia ng'ombe, aoshe ndoo kwa maji moto. Mimi ni mpima maziwa, siwezi kuacha kusema. Wazee wa kanisa wapokee mulembe yangu wote.

Huku mvua bado, lakini mawingu yameanza kukaa juu ya mlima mchana.

Ni mimi binti yako,
Nanjala, mjukuu wa Wanyonyi wa Cheptais