Hoja ya Besi

Jumamosi, 4 Mei

Nina hasira. Nimeanza kwa kalamu ya wino, nikachana karatasi. Sasa natumia penseli. Acha niandike mambo kwa mpangilio, la sivyo nitarusha kitu.

Leo ilikuwa siku ya mjadala kwenye ukumbi wetu wa filamu. Ile filamu ya dijei, mara ya nne sasa, watu wetu hawachoki. Mwanamke anapiga muziki kwenye harusi za watu, ila kila wimbo alioupenda akiwa na mwanamume fulani, wakiachana haugusi tena. Wanaume wanaongezeka, nyimbo zinapungua. Ikifika katikati amebakiwa na nyimbo kumi na moja, na bibi harusi wa watu analia kwamba wageni wanachezeshwa kitu kilekile tangu mchana. Hapo ukumbi huvunjika mbavu, na mimi nikiwemo. Halafu anampenda mwoka keki asiyejua muziki hata kidogo. Siku ya harusi yao, anasimama kwenye mashine na gauni lake jeupe, anapiga wimbo wa yule mwanamume wa kwanza kabisa. Watu wanacheza. Mwisho.

Hapo ndipo tulipogawanyika. Kambi ya Cheza wanasema amejikomboa. Kambi ya Zima tunasema amemkosea mumewe. Mimi ni Zima tangu siku ya kwanza, na fulana ninayo. Besi, mchumba wangu, ni Cheza. Tulijuana kwa ugomvi huohuo mwaka jana, yeye upande ule, mimi upande huu, mpaka Mwenyekiti akatuzimia taa twende makwetu. Nilimpenda kwa sababu alikuwa akibishana huku anasikiliza. Ndivyo nilivyodhani!

Leo Cheza walikuwa wanashindwa. Mimi mwenyewe nilisimama nikasema mtu akishaondoka, wimbo wake nao ufungashiwe aondoke nao. Makofi. Besi akaomba maiki. Akaanza na ile sauti yake nzito iliyompa jina, taratibu:

"Namjua mwanamke aliyeachwa na mpiga gitaa wa hotelini. Mwaka mzima, kila Ijumaa, alikwenda kusimama nyuma ya jiko la hoteli, pembeni ya mapipa ya taka, amsikie akipiga. Leo huyo mwanamke amevaa fulana ya Zima."

Tulikuwa wanawake watatu wenye fulana ya Zima. Mmoja ni bibi wa watu mwenye wajukuu. Mwingine ndiyo kwanza amemaliza shule. Na hakuna mtu ukumbini asiyejua mimi ni mchumba wa nani.

Vichwa vikageuka. Kicheko kikaanzia nyuma, kikaja mbele. Kisha makofi, mengi kuliko yangu. Kura zikapigwa, Cheza wakashinda, Besi wakambeba juujuu. Mimi nikatafuta mkoba wangu chini ya kiti, sikuuona, nikaondoka bila mkoba.

Jambo lile nilimwambia yeye peke yake duniani. Mama hajui. Dada alikuwa hajui. Tulikuwa tumekaa sakafuni kwenye karakana yake, spika zimefumuliwa pande zote, akanishika mkono asiseme kitu. Nikajiambia, huyu ndiye.

Na Jumatatu ya tarehe 13, saa nne asubuhi, tuna miadi kwa msajili wa ndoa. Tunakwenda kusaini.

Jumapili, 5 Mei

Ameleta mkoba. Nimemfungulia kwa sababu majirani walikuwa wanachungulia.

Anasema hakutaja jina. Nikamwambia ungelitaja basi, ungewapunguzia watu kazi ya kugeuza shingo. Anasema ni joto la mjadala. Anasema, na hapa damu ilinichemka, kwamba alilisema kwa heshima. Kwamba ukumbi mzima uliguswa. Kuna mama alitoa leso! Nikamuuliza, kwa hiyo nikushukuru? Akajikuna kisogo. Akasema kwa kweli ile ndiyo hoja nzuri kuliko zote alizowahi kutoa.

Nikamwonyesha mlango.

Ameacha flashi mezani. Nyimbo za kuniomba radhi, ishirini na mbili. Mtu amenivua nguo hadharani, halafu ananiletea muziki. Nimeitupia kwenye droo ya vijiko.

Jumatatu, 6 Mei

Leo kazini, kwenye duka la miwani, nimeharibu lenzi mbili. Ya kwanza niliisaga mpaka ikawa inachezacheza kwenye fremu. Ya pili ilinipasukia mkononi wakati wa kuibana. Bosi akanitazama juu ya miwani yake, akasema hasira zibaki mlangoni, mashine hii ni ghali kuliko mchumba yeyote. Kumbe naye amesikia. Mke wake yuko Cheza.

Mchana akaja mama mmoja kuchukua miwani yake ya kusomea. Nikamvalisha, nikamnyooshea masikio ya fremu, nikamuuliza inabana? Akanikazia macho, sasa ananiona vizuri kwa miwani niliyomtengenezea mimi. Akasema, "Wewe ndiye yule wa jikoni?" Kisha akanipapasa bega na kuniambia hata yeye asingeweza kumsahau mtu mwenye gitaa.

Nilimpa kitambaa cha kufutia, bure, ili aondoke haraka.

Jumatano, 8 Mei

Dada amenirudisha kwenye grupu la ukumbi. Nilijitoa zamani kwa sababu ya kelele. Anasema afadhali nijisomee kuliko kusimuliwa. Dada na huruma zake!

Nimesoma yote wakati wa chakula, chakula kikapoa. Mmoja anasema mwaka mzima ni kutia chumvi, binadamu hawezi. Mwingine anasema anaweza, shangazi yake alifanya makubwa zaidi. Mwingine anauliza kama nilikuwa nasimama au nakaa, maana kwake inaleta tofauti. Inaleta tofauti! Na sasa imezaliwa kambi ya tatu. Kambi ya Jiko. Msimamo wao: wimbo wa zamani usikilize, ila kwa mbali. Wanaulizana rangi ya fulana.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni kwamba wanabishana vizuri. Ingekuwa habari ya mtu mwingine, ningeingia nikawajibu mmoja mmoja.

Nimerudi nyuma mpaka Jumamosi kutafuta jina la Besi. Hajaandika hata neno.

Nikampigia Dada nimfokee. Kwanza akacheka, nikasikia anajizuia. Kisha akasema, "Mdogo wangu, si ungeniambia tu? Ningekuja tusimame wote." Nikakata simu. Nikaenda chooni kazini kulia. Ni hasira ile, si kitu kingine.

Alhamisi, 9 Mei

Mwenyekiti kaja dukani. Skrubu ya miwani yake imelegea, eti. Skrubu yenyewe nilimkazia juzijuzi, haijatikisika.

Ni mwalimu mstaafu, hajui kuomba bila kuhutubia. Akasema binti yangu, ukumbi unakuheshimu. Akasema Jumamosi kuna mjadala wa marudio, na wamekubaliana (wamekubaliana!) kwamba mimi nipewe dakika kumi nieleze upande wangu. Watu watafaidika. Nikamuuliza watafaidika nini. Akasema kuielewa filamu.

Kuielewa filamu! Maisha yangu yamekuwa maelezo ya pembeni ya filamu ya keki na dijei.

Nikamwambia Mwenyekiti, kwa heshima zote, skrubu iko sawa. Akavaa miwani yake, hakuondoka. Akashusha sauti. Kwamba kuna waliotaka pia kumwalika yule mpiga gitaa. Walimfuata Besi wakamwomba jina la mtu huyo na hoteli yenyewe. Besi akakataa. Wakambembeleza, akawaambia watoke kwenye karakana yake, na mmoja alisukumwa kidogo. Mwenyekiti anasema hajawahi kumwona hivyo. Analalamika, kwa kweli, anataka nimpoze.

Nimefanya kazi mchana wote bila kuharibu kitu. Bado nimekasirika, na iandikwe hivyo. Ila ile ya kusukumwa kidogo nimeirudia kichwani mara kadhaa.

Jumamosi, 11 Mei

Sikwenda ukumbini. Kumbe na yeye hakwenda. Tangu nimjue hajawahi kukosa, hata alipokuwa na homa alikwenda akiwa amejifunga sweta kichwani.

Alikuja kwangu saa ileile ya mjadala, kasimama mlangoni mikono mitupu. Afadhali. Angekuja na flashi nyingine ningemfungia nje.

Nikamwachia ya moyoni yote. Nilimwambia ameniuza kwa makofi. Nilimwambia ukumbi ule si mke wake, mke wake ni mimi, au alikuwa awe mimi. Nilimwambia kila nikipita mtaani sasa najua wananiona pembeni ya mapipa. Nikasema na mengine ambayo siyaandiki, yanamhusu mama yake na hayakuwa ya haki. Akasikiliza mpaka mwisho. Hakusema joto la mjadala, hakusema leso. Alisema, "Nilikuwa nashindwa, nikashika kilichokuwa karibu. Kilichokuwa karibu ni wewe."

Hilo nililiamini. Ni baya, lakini ni kweli.

Tukala, mimi nikiwa nimenuna, yeye akiosha vyombo bila kuombwa. Alipokuwa anaondoka akauliza Jumatatu ikoje. Nikasema Jumatatu ni Jumatatu. Akatabasamu kwa woga. Kwa shingo upande, nami nikatabasamu.

Jumapili, 12 Mei

Mchana. Naandika chumbani, mlango nimeufunga. Besi yuko sebuleni.

Alikuja asubuhi na suti ya kesho nimpigie pasi, yeye huunguza kola. Nguo yangu imeshanyooka, iko kwenye hanga mlangoni. Vitambulisho mezani. Picha ndogo, zile nne nne, mimi nimekunja uso, yeye kafumba jicho moja. Tulizicheka. Wiki nzima sikuwa nimecheka.

Nikiwa napiga pasi akauliza, polepole sana, kama mtu anayeshika kikombe kilichopasuka. Je, kwa nini nilikuwa nakwenda kule nyuma ya jiko? Siku ile kwenye karakana hakuuliza, na mimi sikueleza.

Nikaweka pasi kando. Nikamweleza.

Sikuwa nakwenda kumsikia yule mtu. Katika wimbo wake mmoja kuna mahali alipokuwa akikosea kila siku, vidole vinapishana. Enzi zetu nilikuwa nakaa meza ya mbele, akifika pale ananitazama mimi, ndipo anapokosea. Alipoondoka nikajiambia, tutaona kama atakosea nami sipo mbele yake. Ndicho nilichokwenda kukisikiliza. Nilikuwa nasubiri akosee. Nikisikia wimbo unakaribia pale, nilikuwa nashika ukuta. Mwaka mzima hakukosea. Ijumaa niliyoelewa kwamba hatakosea, ndiyo Ijumaa ya mwisho.

Haya sijamwambia mtu. Hata hapa sijawahi kuyaandika.

Besi akanishika mkono, vilevile kama siku ile. Na mimi nikainua macho nimtazame.

Nayajua yale macho! Nimeyaona mara ngapi, nikiwa upande wa pili wa ukumbi. Yaliwaka. Ni kidogo tu, kisha akayazima haraka, mtu angesema nimeota. Midomo ikasogea kabla ya sauti. "Kumbe," akasema, "basi hata Zima hamkuwa sahihi." Papo hapo akasema pole. Akasema pole mara ya pili. Akanibusu kiganja, akaniambia asante kwa kuniambia.

Akasema anakwenda sebuleni kunywa maji.

Nimemaliza kola. Nimemaliza mikono ya koti. Simu yangu ikalia kitandani. Grupu. Mwenyekiti ameandika kwamba mjadala wa jana haukupata mshindi, kambi zote tatu zimechoka kurudia yaleyale, nani ana hoja mpya?

Hakuna aliyejibu. Kisha pale juu, chini ya jina la grupu, yakatokea maandishi madogo.

Besi anaandika…

Nikakaa kitandani. Pengine anawaambia watuache. Pengine anaaga, anajitoa, kesho ni siku yetu. Inawezekana. Alimsukuma mtu kwa ajili yangu.

Yamepotea.

Nasikia glasi inawekwa mezani. Nasikia anakohoa, kile kikohozi kidogo anachokohoa akishapewa maiki.

Besi anaandika…

Ni mrefu huu ujumbe. Mtu anayeaga haandiki hivi.

Yamepotea tena. Kiti kinalia, amebadilisha mkao.

Ningeweza kumwita. Ni mlango mmoja tu, hata sauti sihitaji kupandisha, niseme Besi njoo, na angekuja mbio, simu angeiacha huko, na kesho saa nne tungesaini. Jina lake liko hapa mdomoni.

Simwiti. Pasi nimeizima, nimesogea mpaka ukutani, nimeushika.

Besi anaandika…