Shangazi, Waambie Mimi Ni Goigoi

Kasokola, Mpanda
16 Februari 2025

Mpendwa Shangazi Natalia,

Shikamoo. Natumaini kile kifua kimepoa na unalala vizuri. Sisi tu wazima. Mahindi yamebeba, ila nyani hawatupi nafasi.

Kidato cha nne nimepata daraja la pili. Nasubiri kupangiwa shule ya kidato cha tano.

Shangazi, wale akina mama wawili wa Karema walifika Jumamosi ya tarehe 8 na samaki wakavu, migebuka, na salamu zako. Walisema wanapita tu. Lakini mtu anayepita tu hamwombi binti wa watu apepete mchele huku akimtazama mikono. Na yule mkubwa, mama Rozalia, alijua umri wangu na hata namba ya kiatu changu. Nikakumbuka picha yangu uliyoiomba Krismasi, ukasema ni ya albamu. Nisamehe kama nakosea.

Nilikuwa napepeta vizuri. Mama akapita nyuma yangu, nikahisi kiwiko chake, ungo ukapinduka.

"Mnaona?" akasema. "Goigoi huyu! Kuku wa hapa wamenenepa kwa ajili yake."

Mama Rozalia akacheka. "Atafundishika, mama Evaline."

"Nimefundisha miaka kumi na saba, dada yangu. Nimechoka."

Niliona aibu, nikaenda kulia jikoni. Baadaye nikafungua kamusi: goigoi ni mtu mlegevu, mvivu. Nyumbani kwetu tunamwita hivyo mtu ambaye kila anachoshika kinaanguka. Mama alikuwa akimwita hivyo mjomba Venant tu, aliyekanyaga sufuria ya wali siku ya ubatizo. Mimi hakuwa amewahi kuniita hivyo, na tangu wageni waondoke hajaniita tena. Jana kaninunulia madaftari makubwa manne. Nilipomuuliza kwa nini alinisukuma, akasema, "Nani kakusukuma?" akaendelea kuchambua mboga bila kunitazama.

Baba naye kila nikiingia ananyamaza. Migebuka ile anaisifu kila siku, na hilo linanitia wasiwasi.

Wasalimie Gaudensi na bibi Scolastica. Mungu awalinde nyie wote, na ziwa liwape riziki.

Sijui kama ulihusika, Shangazi, na sitaki kukuvunjia heshima. Ila mama Rozalia akikuuliza habari za mikono yangu, naomba umwambie ni kweli, mimi ni goigoi tangu kuzaliwa. Sitakasirika.

Binti yako akupendaye,
Evaline