Ndoo ya Madume

Jumanne asubuhi, Murusagamba. Mvua imekatika alfajiri, migomba bado inadondosha maji, na kifua changu leo kimeniruhusu kukaa kitako.

Kuna jambo nimelificha tangu wakati wa vita vya Kagera. Ninajua kwa nini bwawa la samaki la kijiji chetu cha ujamaa liliharibika. Nilijua siku ileile, nikamwacha mtu mwingine abebe lawama.

Mtu huyo ni Mzee Bugingo, mlinzi wa bwawa. Amekwishafariki. Binti yake, Skolastika, anakuja leo mchana kutoka Nemba. Nimemwita mwenyewe. Mjukuu wangu Jeni ndiye aliyenifungulia blogu hii, na nimemwambia asirekebishe neno.

Nianzie Zambia, nilikopelekwa kusoma kilimo. Asubuhi moja tulipelekwa kwenye shamba la samaki. Sikuwa nimewahi kuona shamba linalofurikishwa maji kwa makusudi. Niliuliza kila kitu: maji haya yanaingilia wapi, mbona bata wanaachwa waogelee humu, samaki wanalala saa ngapi? Mwansa, mwanafunzi mwenzangu, akasema, "Wewe Mtanzania unahoji samaki kama polisi!"

Mkufunzi alimfungua mdomo perege jike, mayai ya njano yakamwagika kiganjani mwake. Kumbe mama huyu anatunza watoto wake mdomoni, na siku zote hizo hali kitu. Nilisahau kupumua.

Kisha tukaonyeshwa kazi yenyewe. Perege huzaa wangali wadogo. Ukiwaacha madume na majike pamoja, bwawa hujaa vitoto na hakuna anayekua. Kwa hiyo unamshika mmoja mmoja, unamgeuza tumbo juu, unampaka tone la wino ili matundu ya chini ya tumbo yaonekane. Matundu mawili ni dume, matatu ni jike. Dume anaingia ndoo ya bluu; ndiye pekee anayerudishwa bwawani. Kila mwanafunzi alitakiwa kuchambua samaki arobaini kwa mkono wake.

Taarifa yangu ilisema nimechambua arobaini bila kosa.

Niliporudi nyumbani nikakabidhiwa bwawa. Sisi ni watu wa ng'ombe. Kwa desturi ya kwetu, mkono uliomshika samaki haukami, na mdomo uliomla haunywi maziwa, ng'ombe wasije wakakauka. Nilisimama kwenye mkutano wa kijiji nikasema hayo ni mambo ya kizamani yanayoturudisha nyuma. Nilipigiwa makofi. Tangu siku hiyo nikawa Bwana Samaki.

Vifaranga wa samaki waliletwa kwa gari la wilaya, ndani ya mapipa. Walipofika ukubwa wa kiganja, tukawachambua. Bugingo aliwashika, mimi nikatazama. Alimgeuza kila mmoja, akamsogeza mbele ya macho yangu, nami nikataja: dume, jike, dume. Nilitaja haraka, kwa sauti ya mtu aliyesoma. Kina mama waliokuwa wakichota maji walicheka. "Bwana Samaki, mbona wote wamevaa sawa?"

Nilicheka nao.

Vita vilipoanza, vijiji vilitoa ng'ombe, maharage na ndizi kwa ajili ya askari wetu. Sisi tukaahidi samaki. Bwawa likafunguliwa mbele ya watu wote, maji yakaondoka, na matope yakachemka kwa samaki. Ukiacha wachache, hakuna aliyezidi kidole changu.

Mwenyekiti alinigeukia. "Bwana Samaki, hiki ni nini?"

Ningeweza kusema. Sentensi moja tu. Badala yake nikasema labda mlinzi ameingiza samaki wa kijitoni.

Bugingo alizaliwa ng'ambo ya mpaka, Burundi, na siku zile masikio yote yalikuwa redioni na kila mgeni alitazamwa mara mbili. Mtu mmoja akapiga kelele, "Mhujumu!" Wengine wakaitikia. Yeye hakupandisha sauti. Alinitazama mimi peke yangu.

"Bwana Samaki, mimi nilishika tu. Wewe ndiye uliyetaja."

Haikupita wiki, hakuna aliyekunywa naye pombe wala aliyeitikia salamu yake. Akajitwika mkeka wake, akaondoka na mkewe na mtoto wa kike wa miaka sita. Mtoto huyo ndiye Skolastika. Nasikia hata kule Nemba lile neno lilimfuata.

Nimestaafu ualimu, nimezika mke, nimesahau majina ya wanafunzi wangu. Lakini swali moja halijaniacha: lile tundu la tatu linafananaje?

Leo asubuhi nilimtuma Jeni kwa jirani mwenye bwawa bondeni. Amerudi na perege mzima ndani ya beseni, akaliweka kando ya kitanda. "Babu, huyu tunamtibu au tunamla?"

Nikaingiza mkono. Ni baridi, na anateleza ukimpapasa kuelekea mkiani, lakini ukirudisha mkono kichwani anakwaruza. Hilo sikulijua. Jeni akamgeuza, akatia tone la wino. Nikavaa miwani.

Moja. Mbili. Tatu.

Kumbe yanaonekana wazi kiasi hicho.

Sijui kama nitaweza kumtazama Skolastika machoni. Sauti ikinikatikia, Jeni amsomee hapa.

Mwanangu, baba yako hakuingiza samaki yeyote. Waliozaliana ni majike niliowaita madume. Siku ile Zambia nilijitolea kuwa mwandishi wa kundi ili mikono yangu iwe na kazi nyingine, na Mwansa akachambua arobaini wake na arobaini wangu. Nilisimama mbali na ndoo, nikaandika vizuri sana. Nilikuwa nimemwahidi mama yangu kuhusu ng'ombe wake, na niliogopa. Niliogopa hata siku nilipowacheka wengine mkutanoni. Mpaka leo asubuhi, sikuwa nimewahi kumshika samaki.