Nistaafu Sasa, au Nimngoje Papa Mireille?

Laeken, Brussels, Jumanne. Mvua nyembamba tangu asubuhi, na leo niko mapumziko. Nyumba iko kimya hadi naisikia friji ikinguruma.

Fomu ya pensheni imelala mezani wiki ya tatu sasa. Nimetimiza miaka sitini na sita, magoti yamechoka kuinua wagonjwa hospitalini kule Jette, na ninaruhusiwa kuacha kazi. Kinachonizuia ni ahadi. Mimi na mume wangu, Papa Mireille, tuliahidiana kustaafu siku ileile.

Tatizo ni miaka yake. Alipokuwa kijana kule Likasi, Kongo, mjomba wake alimpunguzia minne ili apokelewe sekondari. Wengi walifanya hivyo, na zamani tulicheka sana. Kwa kweli amenizidi miezi kadhaa, lakini kwenye karatasi nimeolewa na mdogo wangu. Ofisi ya pensheni inahesabu karatasi, haihesabu mgongo. Amebakiza karibu miaka minne.

Nikimngoja, magoti hayatafika. Nisipomngoja, nitakuwa nimemwacha njiani.

Acha niseme ukweli wote. Ninaogopa kukaa humu ndani peke yangu.

Yeye huondoka alfajiri kusafisha ofisi karibu na stesheni ya Gare du Nord, hurudi saa nane mchana. Mimi huondoka saa saba, nikirudi usiku amelala. Miaka kumi na tisa tumepishana kwa saa moja. Siku zangu za mapumziko ninakimbilia sokoni na kwenye mazoezi ya kwaya, ili nisikikute kimya hiki. Akirudi, hanikuti. Tunaishi kwa vikaratasi vya kwenye friji: sombe iko ku sufuria, binti yetu Mireille alipiga simu.

Hata kuhusu fomu alijibu kwa kikaratasi. "Fanya vile unaona, maman."

Leo asubuhi nilikisoma mara nne. Nikalia, kisha nikavaa koti.

Nilimngoja kwenye mlango wa stesheni. Aliponiona alisimama ghafla, watu wakimpita huku na huku.

"Nani alikufa?"

"Hakuna muntu alikufa, papa. Nilikuya tu kukuona."

"Bon," akasema. "Alors, twende." Tumefika mahali ambapo mke akimfuata mumewe kazini, lazima awe ameleta msiba.

Kwenye tramu alisinzia begani kwangu kabla ya kituo cha pili. Nywele zake zimekuwa nyeupe zote. Sikuwa nimeziona mchana kwa muda mrefu.

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Nimesaini fomu leo, yeye akiwa amelala kwenye kiti, viatu bado miguuni. Nitamwambia kwa mdomo akiamka, si kwa kikaratasi.

Miaka yote hii amejifungulia mlango mwenyewe. Nikishaacha kazi, ikifika saa nane mchana, nitakuwa ndani. Asitafute tena ufunguo.