Posho Iliyoingia Tukiwa Msibani

Mshauri wangu mpendwa, naomba unisaidie kabla sijaivunja nyumba yangu kwa mikono yangu mwenyewe, na unisamehe kwa mwandiko huu maana naandikia juu ya mashine, kiwandani, wenzangu wakiwa wamekwenda kula.

Mimi ni fundi wa kushona sare za shule, mume wangu ni mchomelea vyuma, na tuna binti mmoja wa miaka saba. Hapa kazini wananiita Mama Pindo, kwa sababu nguo ya mtoto nikiishona lazima niiachie pindo pana ndani, ili mtoto akirefuka mzazi afumue ateremshe asinunue nyingine, na bosi alikuwa akinigombeza kila siku kwamba nitamfilisi, ila siku hizi hanigombezi kwa kuwa saizi ndogo haziagizwi tena, madarasa ya chini yako matupu, watu hawazai, na nusu ya mashine zetu zimefunikwa mashuka. Ndiyo maana serikali ilipotangaza kwamba atakayezaa atapewa posho, bosi alisimama mlangoni akapiga makofi, akasema, "Jamani kina mama, kazaeni mtuokoe!" tukacheka mpaka machozi yakatutoka.

Mimi na mume wangu tulikuwa tunataka mtoto wa pili tangu zamani, tukawa tunaogopa kodi ya nyumba na ada, kwa hiyo sitakudanganya, posho ile ilitupa moyo, nikashika mimba, mume wangu akachomelea kitanda kidogo chenye maua ya chuma ubavuni, na mimi nikashona vinguo kwa vitambaa vinavyobaki hapa, vyote nikaviachia pindo. Nikajifungua salama, tukajiandikisha, tukafurahi. Haukupita mwezi mtoto akashikwa na homa, tukamkimbiza hospitali mchana kweupe, tukakuta wodi nzima ina muuguzi mmoja, anakimbia kitanda hadi kitanda jasho linamtiririka, sikumlaumu na sitamlaumu, ila alipotufikia sisi mtoto alikuwa ameshalegea, na jua lilipozama nilikuwa nimekaa kwenye benchi nimeshika blanketi lisilo na mtu.

Sasa tukiwa msibani, watu wamekaa, simu ya mume wangu ikalia, akadhani ni mtu anatuma pole, kumbe ni ujumbe umeandikwa "Hongera kwa kupata mtoto, posho yako imeingia," akaniletea nisome mwenyewe. Hatukuwa na chochote cha mazishi, basi pesa iliyotolewa mtoto azaliwe ndiyo iliyomzika, na jirani mmoja akasema, "Ndiyo kufa kufaana hiyo." Labda alitaka kunipoza, sijui, lakini neno lile mpaka leo liko masikioni.

Tangu hapo mama mkwe amehamia kwetu, na wimbo wake ni mmoja, "Mwanangu, mpango wa posho unafungwa mwisho wa mwaka, atakayechelewa hapati kitu, lia lakini fanya haraka." Mume wangu mbele ya mama yake ananyamaza, tukifika chumbani ananiambia, "Mama watoto, tujaribu tena," ananiita mama watoto ingawa mtoto amebaki mmoja, nami namjibu sawa. Lakini Mshauri, nameza vidonge vya kuzuia mimba. Nimevificha huku kiwandani kwenye kopo la vifungo, na kila mwezi mume wangu akiniuliza kwa macho ninatikisa kichwa, yeye anasema usijali tutapata tu, ananichemshia maji ya kuoga, na mimi ninamwona kama adui maana naamini anachokitaka ni posho. Hata kile kitanda amekihamishia karakana kwake, wateja wakikipenda anakataa kukiuza, na juzi nilipompelekea chakula nikamkuta anakipaka rangi, mara ya pili sasa, nikaweka chakula nikaondoka bila kumsemesha. Yaani udongo wa kaburi haujakauka, yeye anamwandalia mwingine! Vile vinguo viko kabatini, sijathubutu hata kuvigusa.

Je, ni haki serikali kuwalipa watu wazae? Nauliza kwa sababu tangazo lao likianza redioni nazima. Na mimi nifanyeje, nibebe mimba kabla dirisha la posho halijafungwa wakati moyo haupo, au nimwambie mume wangu habari za vidonge aniache? Nimechoka, Mshauri.

Mama Pindo


MSHAURI ANAJIBU

Mama Pindo, pole. Pole sana, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili ilinibidi nivue miwani. Sasa futa machozi unisikilize, maana kugombezwa nako kupo.

Tuanze na hiyo serikali, kwa kuwa ndiyo uliyoiulizia kwanza, ingawa siyo inayokukosesha usingizi. Kumsaidia mzazi si dhambi. Mlitaka mtoto, mkaogopa kodi, mkaongezewa nguvu, mkazaa. Hapo hukuuza tumbo lako, na huyo jirani mwenye methali zake mwambie azile. Lakini wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na wakubwa wetu wameilipia ile isiyo kazi. Walikuwa na pesa ya kukupongeza kwa simu, hawakuwa na pesa ya muuguzi wa pili. Anayeniuliza kama watu walipwe wazae namjibu hivi: kwanza walipeni watakaowapokea hao watoto mnaowaita, halafu njooni na posho zenu.

Na huo mwisho wa mwaka usikutishe. Mimba si oda ya sare kwamba ina tarehe ya kukabidhiwa, na wewe si mashine iliyofunikwa shuka kwamba mtu aje akufunue kazi iendelee. Dirisha likifungwa, lifungwe. Siku moyo ukirudi, kama utarudi, mtazaa bila posho na mtakula hichohicho mnachokula leo. Usiporudi, una binti wa miaka saba anayekuhitaji. Mama mkwe ana uchungu wa mjukuu, nao umemtokea mdomoni. Ila wa kumnyamazisha ni mwanawe, tena kwa adabu. Usijitie kati wewe.

Sasa vidonge. Sikulaumu kwa kuvimeza. Mwili ni wako na msiba bado umo ndani yake. Nakulaumu kwa uongo. Mwanamume anakuchemshia maji, anakutuliza kila mwezi kwa jambo ambalo wewe unalijua na yeye halijui, halafu unamnunia! Mficha uchi hazai, Mama Pindo, na wewe umeficha vidonge, umeficha hasira, umeficha hata kilio. Mwambie wiki hii hii, kwa mdomo wako, kabla mtu hajatafuta kifungo kwenye kopo hilo. Atakasirika. Muache akasirike, ana haki yake, na usijibizane naye siku hiyo. Baadaye mwende wote wawili kwenye kituo cha afya, muombe kuonana na mtu wa kuwasikiliza waliofiwa. Wapo, ila hawatangazwi redioni.

Na kuhusu kitanda. Unasema anamwandalia mwingine. Ulimuuliza? Hukumuuliza, uliweka chakula ukaondoka. Hebu fikiri kidogo. Mtu mwenye njaa ya pesa huuza, na huyu wako amewafukuza wanunuzi. Kitanda ambacho hakijalaliwa na mtu tangu msiba hakihitaji rangi mara ya pili. Naweza kukosea, lakini ninavyoona mimi, mwanamume huyu hana pa kulilia nyumbani kwake. Sebuleni yupo mama yake, chumbani yupo mke aliyemnunia. Basi amejitafutia kazi ya mikono, analia na brashi yake huko karakana.

Lililonivua miwani ni hili. Umenieleza habari za posho, za bosi, za mpango na dirisha lake. Mtoto wako hukunitajia jina. Mpaka sasa sijui kama alikuwa wa kike au wa kiume. Na nina hakika nyumbani kwenu ni vilevile, tangu mlipotoka makaburini kila mtu analikwepa jina hilo kama shimo njiani, mpaka limebaki neno posho tu ndilo linalotamkwa.

Kwa hiyo kesho omba ruhusa ya mchana. Fungua kabati, toa vile vinguo, na mapindo yake ambayo hakuna aliyewahi kuyateremsha. Vipeleke karakana, uviweke juu ya kile kitanda, rangi ikiwa imekauka. Kaa chini hapo karibu na baba yake, umwite mtoto wenu kwa jina lake. Kisha nyamaza, umsubiri na yeye amwite.