Tundu la Hewa Kando ya Boila

Jumapili, Januari 2006. Kwenye basi, naenda zamu.

Tumebishana wiki nzima, mimi na Baba Neema. Boila ya jikoni, ile inayopasha nyumba joto, imezeeka, na yeye anataka tununue nyingine ya gesi. Mimi nataka ile pampu ya joto, inayovuta joto kutoka hewa ya nje bila moto wowote ndani ya nyumba. Anacheka. "Joto gani liko nje Januari hii, na baridi hii ya Edmonton?"

Leo sina hamu ya kubishana. Binti yetu ameamka tena akisema kichwa kinamuuma, na siku zote hizi mimi nampa dawa ya mafua. Halafu nikifagia jikoni nikakuta leso ya mama mkwe, ya kujifunga kiunoni, imesokomezwa kwenye tundu la hewa kando ya boila.

"Baridi ilikuwa inapitia hapo," akaniambia. "Nimeziba tangu nifike."

Ana wiki mbili hapa! Na huyu huyu ndiye aliyetukataza kulala na jiko la makaa ndani. Lakini boila haina moshi wala majivu, kwa hiyo kwake si moto. Nikamweleza kwamba gesi ikiungua bila hewa ya kutosha hutoa sumu ile ile ya makaa. Akaitikia, "Sawa, mwanangu," vile mtu humwitikia mtoto.

Nimeizima boila. Baba Neema amesema ataiwasha, mama asije akaganda.

Leso nimeondoka nayo kwenye mkoba, mama asije akaziba tena. Sasa ndiyo nakumbuka kwamba mama alikuja na sanduku zima la leso.

Napiga simu nyumbani. Inaita tu.